Nywele Ndani ya Bomba

2 Machi

Chiriku,

Huna adabu. Naanza na hilo, maana nikiliweka katikati ya barua utaliruka, kama unavyoruka kila mstari wangu usioupenda.

Miezi saba! Wewe na kaka yako mnafanya kazi ndani ya uzio mmoja, wewe juu kwenye maabara na kiyoyozi chako, yeye chini kwenye chumba cha pampu na matope yake, na hamsalimiani. Usiulize nimejuaje. Wifi yako alikuja kunijulia hali, nikamkamua kama tambara mpaka tone la mwisho. Mlitoka tumbo moja nyinyi. Mama yenu alipofariki mlilala kitanda kimoja hapa kwangu, miguu yako usoni kwake, na hakulalamika hata siku moja. Na miguu ile ilinuka, leo nakwambia. Sasa mnapishana getini kama watu wanaogombea kiwanja.

Nataka kujua mligombania nini. Tena nataka kujua huo unga unaoumwaga kwenye maji machafu ni unga gani. Wifi yako anadhani ni dawa ya mbu. Mimi nimesema mjukuu wangu hakusoma miaka yote ile kuja kuua mbu.

Wala usiniambie nikupigie simu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na nane, na vidole hivi vya msusi vilivyovimba, nimebanwa kwenye dawati la watoto wanaonicheka. Sitaiacha kalamu iote kutu kwa sababu nyinyi mna haraka. Isitoshe, maneno ya simu hayana ushahidi. Andika.

Kaka yako nimemwandikia yake. Yake ni kali kuliko hii.

Bibi yako

*

9 Machi

Bibi yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sikuruka mstari. Miguu yangu haikunuka.

Nianze na unga, maana huo ni rahisi kuueleza. Unaujua mtaa wa bondeni anakoishi Kaka. Kila msimu wa mvua maji yanajaa hadi kwenye madirisha. Maji yote ya mtaa hukusanyika kwenye shimo kubwa nje ya kituo chetu, pampu inayafyonza na kuyasukuma kwenye bomba refu la karibu kilomita mbili, mpaka mtoni. Pampu ni ileile na bomba ni lilelile, lakini watu wameongezeka na mvua zimekuwa kali. Bomba jipya hawaweki. Meneja amesema wazi: mtaa ukifurika tena mwaka huu, nyumba zote zinabomolewa na watu wanahamishwa. Hajasema watahamishiwa wapi.

Sasa Bibi, maji yanapokimbia ndani ya bomba hayaendi yamenyooka. Yanajipindua, yanazunguka, yanafanya visulisuli vidogovidogo visivyohesabika, hasa karibu na kuta za bomba. Kila kisulisuli kinakula nguvu ya pampu. Unga wangu ukiyeyuka kwenye maji unakuwa nyuzi ndefu mno, nyembamba kuliko chochote unachoweza kukiona kwa jicho. Nyuzi hizo zinavutika, zinavibana visulisuli kabla havijakua, na maji yanapita kwa wepesi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha mapipa mawili makubwa. Maji hayageuki uji, ukiyatazama ni maji tu. Lakini yanateleza.

Kwenye maabara nimetundika ndoo karibu na dari, nikaunganisha bomba la kioo lililozunguka kuta tatu. Bila unga, ndoo inakwisha kwa dakika nne. Kwa unga, haifiki tatu. Nilipiga kelele peke yangu humo ndani.

Kisha nikaenda kituoni. Kwenye ukuta wa shimo kuna alama nne za rangi. Pampu ikiwa inafanya kazi, maji hushuka toka alama ya nne hadi ya kwanza kwa dakika ishirini na mbili. Nikamwaga unga wangu uliokwisha yeyuka. Dakika ishirini na moja! Bibi, nilitaka ardhi ipasuke. Meneja aliangalia saa, akaangalia viatu vyake, akaondoka. Amenipa jaribio moja la mwisho, tarehe 30. Nikishindwa, anasaini karatasi za kubomoa.

Unga hauwezi kufanya kazi maabara ukakataa kituoni. Mimi naamini mtu aliifunga nusu vali, ile koki kubwa ya bomba. Na vali ile ina mtu mmoja tu mwenye ufunguo wa chumba chake.

Ndiyo maana sikuingia kule ndani. Unga niliumwaga shimoni, nje, mahali nisipohitaji ruhusa yake.

Kuhusu ugomvi, mwaka jana walitafuta msimamizi wa kituo, jina la Kaka likatajwa, wakaniuliza maoni kwa maandishi. Niliandika kwamba mhudumu wa pampu ni mwaminifu lakini aliacha shule mwenyewe na hana msingi. Meneja akayasoma mbele ya watu. Sikuandika uongo, Bibi. Wewe ndiye uliyeniambia alishindwa mtihani.

Mjukuu wako,
Chiriku

*

14 Machi

Bibi,

Shikamoo. Barua zako zote mbili nimezipata. Matusi yote nimeyapokea, hakuna lililopotea njiani.

Sisi wazima. Kitanda tumekiinua juu ya matofali matatu, mwaka jana yalikuwa mawili. Mtoto mdogo analala mezani kama kitabu.

Katika ya pili umeniuliza kama niliifunga vali siku ya jaribio la Chiriku. Vali ilikuwa wazi. Gurudumu lake lina mizunguko thelathini na moja, na niliizungusha yote. Naijua kama unavyokijua kichwa cha mteja wako. Nimeumia kuulizwa, lakini umeuliza wewe, nimejibu.

Unga wake aliumwaga shimoni. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema kwamba kinachopita kwenye pampu ile hakitoki kizima. Mwezi uliopita lilifyonzwa gunia zima. Nilikwenda mwisho wa bomba, mtoni, nikakuta linatoka kama pamba ya masikio. Mapanga ya ile pampu yanazunguka mara elfu moja na mia nne kwa dakika. Kama unga wake ni kitu cha kukatika, ulikatika hapo hapo. Kama si cha kukatika, sijui. Mimi sikusoma, imeandikwa.

Mke wangu anasema dada anatafuta cheo kupitia mafuriko yetu. Mimi sijasema kitu.

Ile barua ya shule usimwonyeshe. Uliahidi.

Kobe wako

*

17 Machi

Chiriku,

Kaa chini. Kama umekaa, simama kwanza ufunge mlango, kisha ukae tena.

Nina barua mbili juu ya kitanda, yako na ya kaka yako. Nimezisoma tangu asubuhi, chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena. Wewe umeniambia unga wako ni nyuzi ndefu mno. Yeye ameniambia pampu yake inakata kila kitu. Nyinyi watu wawili mnakaa hatua mia moja mmoja kutoka kwa mwenzake, na nusu ya jambo iko kwa huyu, nusu kwa yule, na aliyeziweka pamoja ni bibi kizee wa darasa la ngumbaru, tena safari ya siku nzima kwa basi! Aibu inawatosha wote wawili, gawaneni.

Sikiliza nikwambie. Zamani nikiwa na kibanda changu cha ususi nilikuwa na mteja mwenye nywele za kufika kiunoni. Nywele zile nilizichana kwa maji ya bamia, taratibu, kuanzia kwenye ncha, maana ukianzia juu na papara unazikata. Siku moja, nimemaliza kazi ya saa tatu, akainama kuokota kiatu karibu na feni. Sekunde moja, Chiriku. Aliingia na nywele za malkia akatoka na za askari jela. Je, nywele zilikuwa mbaya? Hapana. Je, feni ilikosea? Hapana, feni ni feni. Mwenye makosa ni mimi niliyeweka kiti pale.

Basi na wewe umepitisha nywele zako kwenye feni. Kwenye ndoo yako ya darini hakuna feni, maji yanashuka yenyewe, ndiyo maana yanateleza. Sijui kemia, lakini nywele nazijua. Unga uingie baada ya pampu, si kabla. Na baada ya pampu ni wapi? Ni ndani ya chumba cha kaka yako, kwenye bomba la kaka yako, kwa ufunguo wa kaka yako. Ulikwepa kumwamkia mtu, ukaukatakata unga wako kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa jambo la pili, na hili sipendi kuliandika. Nimeweka kalamu chini mara nne.

Kaka yako hakushindwa mtihani.

Alifaulu. Barua ya kumwita shule ililetwa hapa, shule ya bweni, mbali. Ndiyo miezi ile vidole vyangu vilianza kuvimba, sishiki hata kitana, na mama yenu ana miezi mitano kaburini. Wewe ulikuwa na miaka kumi na umeshika namba moja darasani na makamasi yako. Kobe alikuwa na miaka kumi na tano. Alinisomea ile barua hapa mlangoni, akaikunja, akasema, “Bibi, mimi naenda kuchimba matope kituo cha pampu, wanatafuta watu. Mwambie Chiriku nimeshindwa. Akijua atasoma kwa huruma, na mtu akisoma kwa huruma hafiki.” Nikaahidi. Nilikuwa nimechoka, nikaahidi, na nikakudanganya wewe usoni miaka kumi na tisa.

Barua ile niliitia kwenye kopo langu la vitana. Ilikaa miaka sita. Nilipojifunza kusoma, ndicho kitu cha kwanza nilichokisoma peke yangu bila mwalimu. Nikakuta kaka yako aliponisomea aliruka mstari mmoja. Utauona, nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Unasema alikuwa wa kwanza wilaya nzima.

Nimekuwekea barua yenyewe humu ndani. Usiichafue.

Kwa hiyo ulipoandika “aliacha shule mwenyewe”, uliandika uongo wangu kwa mwandiko wako. Sikuombi msamaha, mimi ni bibi yako. Lakini nimekosea, na nakwambia kwamba nimekosea, na wewe unajua mara ngapi nimewahi kusema neno hilo.

Mkewe anasema unatafuta cheo. Mimi nimekusoma vizuri. Mtaa unaouhangaikia una nyumba mia tatu, na moja kati yake ina mtoto anayelala mezani. Ungesema hivyo kwa kaka yako, ingekuua?

Nenda chini kule. Amkia. Mengine yatafuata.

Bibi

*

20 Machi

Kaka, shikamoo.

Naomba kuingia chumba cha pampu. Naomba unifungulie pampu yenyewe niione ndani. Kwenye kitabu niliwahi kusoma kwamba nyuzi hukatika kwenye mapanga, nikajiambia pampu yetu kuukuu haina nguvu hiyo. Sikuwahi kuiona imefunguliwa. Nilikisia mahali ambapo ningeuliza.

Vali sasa najua ilikuwa wazi.

Karatasi hii naipitisha chini ya mlango kwa sababu nikija mwenyewe nitaongea sana, unanijua.

Chiriku

*

20 Machi, jioni

Marahaba.

Kesho saa mbili asubuhi. Zamu yangu nazima pampu nusu saa kwa ajili ya grisi.

Vaa viatu vya kazi. Siyo hivyo vyako vya kwendea harusi.

K.

*

25 Machi

Bibi yangu, shikamoo.

Sijui nianzie wapi, na hiyo kwangu ni ajabu.

Nilikwenda. Alikuwa ameshafungua pampu, nati zote kazipanga kwenye gazeti, kila moja mahali ilipotoka. Akaniwashia tochi. Mapanga ya pampu yale, Bibi, yamesagwa na mchanga wa miaka, yana makali kama kisu cha bucha. Nikayagusa kwa kidole, akaniambia, “Polepole, una vidole kumi tu.” Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu kwa miezi saba na siku nne.

Nikamweleza unga. Sikutumia maneno ya kitabu, nilitumia ya kwako, nywele na feni. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kumbe yule mteja anamkumbuka! Anasema ulimfungia kitambaa kichwani na ukampa mwavuli wako ajifiche nao njiani.

Kisha akazunguka bomba, akalipigapiga kwa spana. Hatua tano baada ya pampu kuna tundu la geji ya zamani, ile saa ya kupimia shinikizo, limezibwa kwa kizibo cha shaba. Mimi nimefanya kazi hapa miaka minne na michoro yote ninayo, tundu lile halimo. Nikasema tufunge pampu ndogo ya kusukumia dawa. Akanitazama kama nimetukana. “Pampu tena? Umeikimbia feni kubwa unakwenda kwenye feni ndogo?” Maana ndani ya bomba mna shinikizo, unga hauwezi kuingia wenyewe, lazima usukumwe.

Jibu analo yeye. Nyuma ya karakana upo mtungi wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, iliyokufa. Tunautia maji ya unga, tunaujaza hewa juu kwa pampu ya magurudumu, na hewa inayabonyeza polepole hadi bombani kupitia tundu lile. Hakuna panga, hakuna kuzunguka, ni kama kukamua chupa ya mafuta ya nywele. Alichora nyuma ya karatasi ya zamu. Bibi, mwalimu wangu wa chuo angekibandika mchoro ule ukutani.

Barua ile ninayo kwenye mkoba. Kila siku naitoa naishika, namwona amejaa grisi anasukuma mtungi, nairudisha. Sijui namwambia nini mtu wa namna hiyo. Nimeandika ripoti nyingine kwa meneja, safari hii nimemwandika alivyo. Nimeipeleka. Meneja amesema ataiangalia. Lakini hiyo si kumwambia.

Ya kwako, ya kunidanganya, bado inauma. Nitakasirika vizuri baada ya tarehe 30, sasa sina nafasi.

Chiriku

*

31 Machi

Bibi,

Umevunja ahadi. Miaka kumi na tisa umeibeba, ulishindwa nini kuimalizia?

Dada alikuja na ile barua ya shule jana asubuhi, kabla ya meneja kufika. Aliiweka kwenye meza ya geji, hakusema kitu. Chiriku, hakusema kitu! Nikajua kuna msiba au kuna barua. Akaanza kulia. Nikamwambia asogee, atalowesha geji.

Mstari ule niliuruka kwa sababu ningeusoma usingeniruhusu kwenda kazini. Kumbe ulikuja kuusoma mwenyewe. Hukuwahi kuniambia. Mimi nilidhani naficha peke yangu, na wewe ulikuwa unaficha kwamba unajua ninachoficha. Familia gani hii?

Nilikasirika. Nikamwambia sikwenda matopeni ili siku moja alie mbele yangu. Akasema, “Na mimi sikusoma ili nikuandike vile.” Kisha akasema, “Kaka, mtoto halali mezani mwaka huu.” Hapo mimi ndipo niliposhindwa, nikaenda kujaza hewa kwenye mtungi.

Sasa jaribio. Unga ulikorogwa juzi, kwa mti, mkono wangu na mkono wake kwa zamu, ukalala kutwa na kucha kwenye pipa. Hautaki papara, ukiukoroga kwa nguvu unakatika kabla hata haujafika. Meneja alisimama kwenye kingo za shimo na saa yake. Vali mizunguko thelathini na moja, dada alihesabu kwa sauti ili wote wasikie.

Nikafungua koki ya mtungi. Mwanzoni hakuna kitu. Dakika mbili, tatu. Dada ameshika mkono wangu, kucha zimeingia. Kisha sindano ya geji ikaanza kushuka. Mwaka wa kumi na tisa naitazama sindano ile, sijawahi kuiona ikishuka pampu ikiwa imewaka na vali iko wazi. Nilidhani bomba limepasuka. Nikataka kuzima. Dada akapiga kelele, “Usizime! Ndiyo yenyewe! Bomba halipingi tena!” Nikasikia na pampu yenyewe imebadilika sauti, ile mikwaruzo imekwisha, inaunguruma kama paka aliyeshiba.

Dakika kumi na tano, Bibi. Ilikuwa ishirini na mbili. Meneja akasema saa yake ina kasoro. Tukajaza shimo tena, tukapima tena. Kumi na tano na nusu. Mara ya tatu, kumi na tano.

Hakusaini kubomoa. Amesema tunapewa msimu huu mmoja, mtaa ukibaki mkavu zile karatasi anazichana, ukifurika anasaini. Kwa hiyo bado. Tulikuwa na unga wa mapipa sita ya mchanganyiko mzito, na pipa moja tayari tumelitumia.

Mke wangu amemkaribisha dada kula. Alikula sana.

Mkono wangu unauma kwa kuandika. Hii ndiyo barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika, na mwenye kosa ni wewe.

Kobe

*

6 Aprili

Mume wangu Kobe, na wewe mke mwenzangu Chiriku,

Hii ni moja kwa wote wawili. Sitaki tena kununua stempu mbili kwa vichwa vigumu vilivyo kwenye uzio mmoja. Isomeni pamoja, na asiwepo wa kuruka mstari. Naangalia.

Kobe, ahadi nimeivunja, na ningeivunja tena leo mchana. Ulinipa mzigo wa miaka kumi na tisa kama mtu anayemwachia jirani mbuzi, akaenda zake. Mimi nikaulisha. Ukakua. Mzigo ulipomkanyaga dada yako na kukukanyaga wewe, nikaufungulia mlango. Kama una hasira, njoo nazo hapa, nitakupikia ule ukiwa umenuna. Umejificha kwenye gamba vya kutosha.

Chiriku, umesema utakasirika vizuri baada ya tarehe 30. Tarehe 30 imepita. Nakusubiri. Andika yote, usinionee haya, lakini mwandiko uwe safi.

Na hizo dakika kumi na tano nimezitembeza mtaa mzima. Jirani yangu, yule mwalimu mstaafu, alisema haiwezekani maji kuteleza ndani ya maji. Nikamwambia aje nimweleze. Nimemweleza visulisuli, nimemweleza nyuzi, nimemweleza mtungi wa hewa. Akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa wajukuu wangu wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kwanza wilaya nzima. Nililisema hilo kwa sauti, Kobe, mlangoni, palepale uliponisomea na kuliruka. Watu walikuwepo. Nimesikia raha ambayo siwezi kuiandika.

Sasa acheni kutabasamu, maana sikuandika kwa ajili hiyo. Barua hii siipeleki posta, nampa dereva wa basi la alfajiri. Kichwa chake nilikinyoa akiwa na siku arobaini, hawezi kunikatalia. Itawafikia jioni hii hii.

Huku wingu limefunga tangu jana. Si la kuchezea, ni jeusi mpaka kwenye kingo, jana kuku waliingia bandani saa tisa mchana. Mvua ya kwetu huwafikia nyinyi siku ya pili, haijawahi kukosea tangu niwe na akili. Na unga wenu, mmeniambia wenyewe, lazima ulale kutwa na kucha ndipo ukubali. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Kesho ni kuchelewa.

Kobe, kaza kizibo chako na ujaze ule mtungi. Mkeo atoe vitu vya chini aviweke juu, asingoje kuambiwa na maji. Chiriku, vua hivyo viatu vya harusi. Wekeni barua hii mfukoni, chukueni ule mti, mkakoroge mapipa mawili sasa hivi, mmoja akichoka mwenzake apokee, na msikoroge kwa papara: taratibu, kama mnachana nywele, kuanzia kwenye ncha.

Bibi yenu